Sijaiona, Nimeipima

Sehemu ya Tisa

Tulimwacha Fundi juu ya ngazi, bisibisi mkono wa kulia, kibao cha shaba mkono wa kushoto, skrubu moja imeshaingia na ya pili ameibana kwa midomo. Kibao kilikuwa na jina la Mwalimu. Fremu aliitengeneza Fundi mwenyewe, kwa mikono yake, miaka kumi na mmoja iliyopita. Hivyo viwili havikuwa na tatizo. Kasheshe ilikuwa picha.

Waliotukosa wiki iliyopita wasihangaike, hawajachelewa. Picha yenyewe ni ya rangi za mafuta na ndani yake hamna mtu hata mmoja. Kuna meza, birika, ndimu mbili, glasi ya maji na kitambaa cha kufutia vyombo. Birika lina kifuniko kisicho chake. Ni kifuniko cha kopo la sukari, kimefungwa kwenye mkono wa birika kwa waya wa kijani. Na Fundi, aliyeitia picha hiyo kwenye fremu bila kuitazama, aliiona kwa mara ya kwanza asubuhi ile akiwa juu ya ngazi, pua inakaribia kugusa ndimu.

Waya ule aliufunga mama yake.

Ndipo alipoitoa skrubu mdomoni akasema maneno yaliyowafanya wapanga viti wote ukumbini wageuke: "Hii picha ni ya mama yangu."

"Shuka," alisema Mhifadhi.

Huyu Mhifadhi ndiye mwenye funguo za ukumbi wa picha, mwanamke wa miwani minene na maneno ya kuhesabika. Hakusema kwa ukali. Alisema kama anayemwambia mgeni avue viatu mlangoni.

Fundi akashuka. Kibao kikabaki kinaning'inia kwa skrubu moja, jina la Mwalimu limelala upande.

"Rudia."

"Hii picha kachora mama yangu."

"Mama yako ni nani?"

"Mama Birika."

Mhifadhi alivua miwani akaifuta. Alimjua, na nani hakumjua? Miaka thelathini na mmoja Mama Birika alichemsha chai kwenye chuo cha uchoraji, palepale alipofundisha Mwalimu. Wanafunzi walihitimu wakaja wengine, wakuu wa chuo walibadilishwa kama foronya, Mama Birika akabaki na birika lake. Wiki tatu zilizopita walimzika.

"Pole tena kwa msiba," alisema Mhifadhi. "Lakini birika lilikuwa la chuo. Lilikaa nje ya chumba cha Mwalimu. Yeyote pale angeweza kulichora, na Mwalimu kuliko wote."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo birika si ushahidi."

"Si ushahidi," Fundi alikubali.

Najua, ungekuwa wewe usingekubali upesi hivyo. Lakini tangu mazishi Fundi alikuwa na ganzi. Kifua chake kilikuwa kama mguu uliokaliwa: upo, unauona, ukiuchoma sindano hausemi kitu. Hakulia makaburini. Hakulia alipokunja nguo za mama yake. Siku ya tatu alirudi karakana akakata fremu sita, na pembe zake zote zikakaa sawasawa. Watu wakasema ana moyo mgumu. Yeye alijua hana mgumu wala laini. Alikuwa ameuweka mahali na hakumbuki ni wapi.

"Jina lake lipo mahali popote?" aliuliza Mhifadhi.

"Mbele halipo."

"Na nyuma?"

"Nyuma nimeigundisha kwenye plaiwudi. Gundi yangu haitoki."

Alilisema hilo la gundi kwa fahari kidogo, mazoea ya kazi.

"Sikiliza," alisema Mhifadhi. "Saa tisa tunafungua maonyesho. Miaka hamsini ya kazi za Mwalimu. Yeye mwenyewe anakata utepe, na akishaukata, kila picha yenye kibao inaingia kwenye orodha ya kudumu ya ukumbi huu. Ikishaingia kwa jina la mtu, hata mimi siwezi kuitoa. Niletee jina la mama yako kabla ya saa tisa."

"Nisipolipata?"

"Utarudi kufunga skrubu ya pili."

Kabla Fundi hajajibu, fimbo iligonga sakafu nyuma yao. Tap. Tap. Wapanga viti wakajitenga kama pazia.

Mwalimu alikuwa amefika mapema.

Mzee wa miaka themanini na ushei, suti ya kijivu, kitambaa cheupe mfukoni, mkono unaotetemeka na macho yasiyotetemeka. Fundi alikunja magoti kidogo. Hata ukiwa na kesi na mtu mzima, salamu haiwekwi kando.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia kuna maneno."

"Yapo."

Mwalimu alisogea mpaka mbele ya picha. Aliitazama muda mrefu, kisha akakitazama kibao kilicholala upande.

"Picha hii nani aliitia fremu?"

"Mimi."

"Ilikuja kwako ikoje?"

"Turubai bila fremu, imeviringishwa. Ukaniletea na kikaratasi."

"Kilisema nini?"

"Kata sentimita nne kila upande, gundisha, tia fremu."

"Ukakata."

"Nikakata."

Mwalimu akatikisa kichwa taratibu, kwa huzuni ya mtu anayemsikitikia mwenzake. "Basi unanilaumu nini? Mimi kisu sijashika. Kama palikuwa na jina la mtu pale pembeni, aliyelikata ni binti yake wa kumzaa. Kikulacho ki nguoni mwako, mwanangu."

Mtu mmoja alikuwa ameshika kiti hewani na hakukumbuka kukiweka chini.

Fundi alisikia maneno yale yakimwingia na kupita, kama maji kwenye chujio. Alijua yanapaswa kumuuma. Aliyangoja yaume, hayakuuma.

Aliyestuka ni Mhifadhi.

"Mwalimu," alisema, "nani kataja pembeni?"

"Nimesema kama."

"Sisi tulikuwa tunazungumzia mbele na nyuma tu."

Mwalimu alitoa kitambaa cheupe akajipangusa mdomo ambao haukuwa na kitu. "Nimechoka," alisema. "Niletewe kiti."

Viti vilikuwa mia mbili pale, lakini ilichukua muda mtu kukumbuka kumletea kimoja.

Fundi aliinua sanduku lake la vifaa. Mlangoni palikuwa na rundo la vijitabu vya maonyesho. Mhifadhi akamsukumia kimoja mkononi, kimefunguliwa kwenye ukurasa wa birika. Mjuzi fulani wa sanaa alikuwa ameandika: "Tazama ujasiri wa Mwalimu. Kitambaa kinakatika ghafla ukingoni, ncha yake haionekani, kama swali ambalo maisha hayalijibu."

"Kitambaa hakikukatika kwa ujasiri," alisema Fundi. "Kilikatwa na kisu changu."

"Basi ncha yake iko mahali," alisema Mhifadhi. "Ni saa tano na nusu pale ukutani. Nenda."

*

Msomaji utaniuliza: mtu mzima, macho mawili, anakata ukingo wa picha na haoni kilichoandikwa? Nami nitakujibu: muulize fundi saa sasa hivi ni saa ngapi, atakuonyesha skrubu iliyolegea. Kila kazi ina upofu wake. Fundi wa fremu hulaza turubai kifudifudi juu ya blanketi, rangi zisichubuke, akapiga mstari kwa nyuma, akakata. Yeye hatazami picha. Hutazama pembe.

Na hili, ndugu zangu, Mama Birika alilijua vizuri kuliko mtu yeyote.

Fundi alilikumbuka akiwa njiani, sanduku linampiga pajani. Jioni nyingi walikaa wawili mezani, mama akimenya kitu, yeye akitoa vibanzi kwenye vidole. Na mama angeuliza, bila kuinua uso: "Leo Mwalimu hakuleta picha?"

"Kaleta."

"Umeionaje?"

"Sijaiona, mama. Nimeipima."

Mama yake alikuwa akicheka. Kila mara alicheka, na kila mara alirudia swali lilelile baada ya mwezi au miwili, na Fundi aliona ni mazungumzo ya mtu mzima yanayojirudia kama mlango mbovu. Kumbe mwenzake alikuwa anabisha hodi.

Alifika karakana, akafungua dirisha lililo juu ya meza ya kukatia, akasimama mbele ya ukuta.

Ukuta huu ndio daftari lake. Hana jingine. Kila kazi iliyoingia kwa miaka ishirini ameiandika pale kwa penseli, mstari mmoja, kuanzia darini kushuka chini: ya nani, ni nini, ukubwa gani, ikatwe wapi. Mwl., turubai. Mwl., turubai. Jina la Mwalimu lilijirudia ukutani kama nzi. Fundi hakuzisoma zote. Alitafuta moja tu, na vidole viliipata kabla ya macho, karibu na swichi ya taa.

"Mwl., turubai, 80 kwa 65. Kata 4 kote. 72 kwa 57."

Hiyo ndiyo. Na masalia yake?

Fundi huyu hatupi ukingo wa turubai. Turubai ni imara, haioti ukungu upesi. Vipande vyote huingia kwenye sanduku lililo chini ya meza, na ikija kazi yenye kioo, huchukua vya juu kabisa, akavipigilia kwa ndani kuzunguka fremu ili kioo kisicheze. Havitazami. Anavipima. Kwa hiyo vipande vya birika viliingia kwenye kazi ya kioo iliyofuata.

Kidole kikashuka mstari mmoja.

"Kaka, cheti, 42 kwa 30. Kioo."

Fundi alikaa kwenye stuli. Kati ya watu wote wa mji huu waliowahi kuning'iniza kitu ukutani, ikaangukia kwa kaka yake.

*

"Hapana," alisema Kaka.

Alikuwa amesimama sebuleni kwake, mikono nyuma, katikati ya dada yake na ukuta. Ukutani, juu ya televisheni, kulikuwa na cheti cha idara ya maji: miaka ishirini na mitano kazini bila kukosa hata siku moja. Ndicho kitu pekee ukutani. Hata saa ilipewa chumba kingine.

"Sitakichana," alisema Fundi. "Nafungua nyuma, natoa vipande, narudisha. Dakika kumi."

"Si cheti. Ni hilo unalotaka kufanya." Kaka alishusha sauti. "Mdogo wangu, mama alikuwa mpika chai. Nimekubali hilo miaka yote, na haikuwa rahisi, maana ofisini waliniita Mwana wa Birika mpaka nikapanda cheo. Sasa amelala. Unataka kumfanya kitu kingine leo, siku ambayo hawezi kusema ndiyo wala hapana? Asiyekuwapo na lake halipo. Mwache apumzike."

"Na Mwalimu?"

"Mwalimu ni mtu mkubwa. Watatucheka."

Fundi alitafuta hasira. Alipekua kifua chote kama anayetafuta funguo kwenye pochi, akakuta vibanzi tu. "Sawa," alisema, na angeondoka hivyohivyo, wallahi, mkanitumia barua za matusi, kama Wifi hangetoka jikoni.

Wifi, mke wa Kaka, ni mwanamke mfupi asiyependa kusikiliza mambo mlangoni, akiyasikia huingia. Alikuwa na mikono ya maji. Akaifuta kwenye kanga, akavuta kigoda, akapanda, akakishusha cheti.

"Mama watoto," alisema Kaka.

"Kinasema hujakosa hata siku moja kwa miaka ishirini na mitano," alisema Wifi. "Na chenyewe tangu kitundikwe hakijakosa. Leo kikikosa ukutani dakika kumi, idara ya maji haitakauka." Akamkabidhi Fundi. "Fungua, wifi yangu. Mimi huyo mama kaniuguza uzazi wa mapacha. Ikiwa alichora, nataka kujua alichora."

Fundi alikilaza kifudifudi juu ya kitambaa cha meza. Aling'oa misumari midogo ya nyuma kwa koleo, mmoja mmoja, akiipanga kwa safu. Akatoa kadibodi. Akatoa cheti, akampa Kaka, aliyekipokea kwa mikono miwili kama mtoto mchanga.

Vipande vinne vya turubai vilikuwa palepale alipovipigilia, upande wa rangi umeelekea kioo.

Cha juu, alikigeuza: kahawia, ukuta nyuma ya meza. Si kitu. Cha kushoto: kahawia, kisha utupu. Cha kulia: ukingo wa meza, na tone dogo la manjano lililoanguka na kuachwa.

"Bado kimoja," alisema Wifi, ingawa wote walikuwa wanahesabu.

Cha chini kilikuwa kigumu. Msumari mmoja ulikuwa umeshika kutu. Fundi aliuzungusha taratibu mpaka ukakubali, akakigeuza kipande, akakiweka kwenye mwanga wa dirisha.

Palikuwa na ncha ya kitambaa. Kitambaa cha kufutia vyombo chenye mstari mwekundu na pindo lililofumuka, kila uzi umechorwa. Swali la maisha lilikuwa limejibiwa, lilikuwa linaishia hapo, sentimita tatu chini ya kisu cha Fundi.

Na chini ya pindo, kwenye ukingo mweupe usiochorwa, palikuwa na maandishi ya penseli. Herufi kubwa, zimesimama moja moja bila kugusana. Mama Birika alijifunza kuandika ukubwani, kwa kunakili majina ya wanafunzi kwenye vikombe vyao, na maisha yake yote aliandika kama anayeandika kwenye kikombe.

Wifi hakuwa na miwani. "Soma," alimwambia mumewe.

Kaka aliweka cheti chini. Aliinama. Akasoma kama anavyosoma kila kitu, kikarani, bila kuruka.

"Ya kumi na saba. Kwa Fundi wangu. Atazame na katikati."

Halafu lilifuata jina. Majina yote matatu ya mama yao, la kwake, la baba yake na la babu yake, ambayo hawakuwahi kuyaona pamoja isipokuwa kwenye karatasi za hospitali. Kaka aliyasoma polepole, kama anayemwita mtu aliye chumba cha pili. Herufi ya mwisho ilikuwa imeponea chupuchupu. Fundi alipokipunguza kipande kitoshe fremu ya cheti, unene wa kidole zaidi na kisu kingeila.



Fundi alifungua sanduku, akatoa futi, akaiweka juu ya maandishi.

"Sentimita kumi na tisa," alisema.

"Nini hiyo?" aliuliza Wifi.

"Haya maandishi. Ni sentimita kumi na tisa."

Wifi alimtazama usoni, kisha akamtoa futi mkononi, akaizungusha ikarudi ndani ya kasha lake. Mkono wa Fundi ulibaki palepale hewani, vidole vimebana kitu kisichokuwapo. Haukutetemeka. Ila haukujua pa kwenda. Ulikaa hivyo mpaka Wifi akaushika, akaushusha, akauweka juu ya turubai, juu ya ile ncha ya kitambaa.

Rangi ilikuwa na mwinuko. Mtu angeweza kuisoma kwa kidole, pindo na nyuzi zake. Fundi alipitisha kidole hapo mara moja, mara mbili. Alikuwa amekishika kipande hiki akakipigilia misumari sita, na kidole chake hakikumwambia kitu siku ile.

"Niliona rangi kwenye kucha zake," alisema Kaka. Alikuwa amekaa kitini, cheti kiko sakafuni na hakukijali. "Mwaka niliooa. Rangi ya bluu. Nilimwambia akanawe vizuri, wageni wanakuja."

"Alisemaje?"

"Akanawa."

Fundi aliitikia kwa kichwa. Aliyaelewa yote vizuri sana, na hilo ndilo lilikuwa baya. Mama yake hakuthubutu kuweka jina mbele, maana mpika chai hachukui brashi ya chuo akajiandika jina. Akaliweka pembeni, mahali pekee duniani ambapo bintiye hutazama. Na bintiye akapiga mstari kwa nyuma, akakata. Kisha jioni akaulizwa umeionaje.

Alitaka kulia. Alijua wakati wake ndio huu, tena mbele ya watu wake. Macho yakabaki makavu kama ya kuku.

"Saa ngapi?" aliuliza.

"Saa nane na robo," alisema Kaka, akasimama. Alichukua sanduku la vifaa kabla Fundi hajalifikia. "Nitalibeba mimi. Nitakuwa shahidi. Nitasema niliziona kucha."

Wifi alikuwa bado ameinamia turubai, amekunja uso. Hasomi vizuri bila miwani, lakini kusikia anasikia.

"Wifi," alisema. "Hapo mwanzo kasema ya ngapi?"

"Ya kumi na saba."

"Ya kumi na saba ni hii ya birika."

"Ndiyo."

"Basi kumi na sita ziko wapi?"

Fundi alifungua mdomo kusema sijui. Akauacha wazi.

Maana alikuwa anauona ukuta wa karakana, kuanzia darini kushuka. Mwl., turubai, kata 4. Mwl., turubai, kata 4. Na aliuona ukumbi wa picha asubuhi ile, alivyoupita na ngazi begani bila kuinua uso, akizitambua fremu zake kwa pembe, moja, nyingine, nyingine tena, kila moja na kibao chake cha shaba. Nini kilikuwa ndani ya fremu zile? Sahani? Vitunguu? Kikombe chenye jina la mtu? Hakujua. Alizipima zote, miaka ishirini, na hakuona hata moja.

Simu ikalia mfukoni mwake.

Ilikuwa sauti ya Mhifadhi, ya chini sana, ya mtu aliyejificha nyuma ya mlango. "Fundi, umelipata?"

"Nimelipata. Majina matatu."

"Basi kimbia. Mwalimu ameahirisha ufunguzi. Anasema amezeeka, anataka kukaa na baadhi ya picha zake nyumbani. Gari limerudi nyuma mpaka mlangoni, wanazishusha sasa hivi."

"Ya birika?"

"Si ya birika peke yake. Ukumbi una picha zaidi ya sabini, na hakugusa za watu wala za milima. Amekaa kwenye kiti katikati, anaonyesha kwa fimbo. Ile. Ile. Na ile. Hasomi kibao hata kimoja."

"Ameonyesha ngapi?"

Fundi alimsikia Mhifadhi akihesabu kwa pumzi, na hakuhitaji kungoja afike mwisho. Alihesabu naye. Kitu fulani, chini kabisa ya kifua, mahali palipokuwa pamelala wiki tatu, kilianza kumchoma kama sindano, jinsi mguu unavyochoma damu inapoanza kurudi.

"Kumi na saba," alisema Mhifadhi.

Fundi aliviringisha turubai, rangi kwa ndani. Kisha akasimama, akaikunjua tena, akaitazama. Katikati. Akaiviringisha mara ya pili.

"Funga lango la nje," alisema. "Kila fremu ina kibao, na kila kibao kina skrubu mbili. Nilizifunga mimi zote, kwa mkono wangu. Nakuja kuzifungua."